Kutu ya soya: adui ajaye na upepo

Katika nyumba nyingi za Bunia na vijiji vinavyouzunguka mji huo, soya, au soja kama wengi wetu tulivyozoea kuiita, si zao la kuuza sokoni tu. Ni maziwa ya mtoto ambaye wazazi wake hawana ng'ombe. Ni unga unaochanganywa na mahindi na mtama ili kupata uji wa masoso. Ni chakula anachopewa mtoto mwenye bwaki, yule aliyevimba miguu na kubadilika rangi ya nywele kwa kukosa vyakula vya kujenga mwili. Punje kavu za soya zina protini karibu asilimia 40, na mafuta karibu asilimia 20. Maharagwe yetu ya kawaida ni chakula chema, lakini protini yake ni kama asilimia 22 tu.

Tena soya huulipa udongo uliomlea. Katika mizizi yake kuna vinundu vidogo, na ndani ya vinundu hivyo wanakaa viumbe wasioonekana kwa macho, ambao huchukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Mwenye kupanda mahindi baada ya soya huona tofauti.

Kwa hiyo lolote liipatalo soya shambani laipata pia afya ya watoto nyumbani. Ndiyo sababu twataka leo kueleza habari za ugonjwa mmoja wa majani unaoweza kuliharibu shamba zuri katika majuma machache. Jina lake ni kutu ya soya.

Si uchawi, ni kuvu

Mara nyingi mambo huwa hivi. Soya imeota vizuri, imefunga mistari, imeanza kutoa maua. Mwenye shamba afurahi. Siku chache baadaye aona majani ya chini yamepata madoa, kisha yamekuwa manjano, kisha yameanguka. Ugonjwa wapanda juu, jani baada ya jani, na kabla punje hazijajaa, miti imebaki vijiti vitupu vyenye maganda membamba. Na kwa kuwa shamba la jirani lililopandwa mapema limesalimika, maneno mabaya huanza. Mmoja asema ni kijicho. Mwingine asema alimwona mtu fulani akipita pale usiku.

Yafaa tuseme wazi: hakuna mtu aliyeleta kutu ile kwa maneno wala kwa dawa. Kutu ya soya huletwa na kuvu, kiumbe mdogo wa ukoo mmoja na uyoga na ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Wataalamu huiita Phakopsora pachyrhizi. Kuvu hii haiwezi kujitafutia chakula chake yenyewe. Huishi ndani ya jani lililo hai tu, ikilinyonya, na jani likifa nayo hufa. Lakini kabla ya kufa imekwisha kutoa vijimbegu vyake, vyepesi kuliko unga, navyo vimekwisha kuchukuliwa na upepo.

Kijimbegu kimoja kikianguka juu ya jani lenye umande, chaota. Kuvu nyingi za namna hii hungoja kupata mlango, yaani zile tundu ndogo ambazo jani hupumulia; lakini kutu ya soya hutoboa ngozi ya jani na kuingia yenyewe. Baada ya siku kama 9 au 10, doa limekwisha kutoa vijimbegu vipya, nalo laweza kuendelea kuvitoa kwa majuma 3 hivi. Basi, msomaji, fanya hesabu mwenyewe: doa moja lazaa mamia, na kila moja la hayo lazaa mengine baada ya siku 10. Hivyo ndivyo shamba lililokuwa zima siku ya Jumapili moja laonekana kama limeunguzwa moto baada ya Jumapili tatu au nne.

Safari yake duniani

Ugonjwa huu ulionekana Japani mwaka 1902. Kwa miaka mingi ulijulikana Asia na Australia. Mwaka 1996 ulionekana Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Albert. Mwaka 1998 ulikuwa Zimbabwe, mwaka 1999 Nigeria, na mwaka 2001 Afrika Kusini. Mwaka huo huo wa 2001 ulikwisha kuvuka bahari na kuonekana Paraguay, kisha Brazili. Na mwaka 2004 ukafika Marekani katika jimbo la Louisiana. Hapa kwetu Kongo, wataalamu waliutangaza rasmi mwaka 2007.

Mahali pasipokuwa na kinga, kutu imewahi kuchukua hata asilimia 80 ya mavuno. Maana yake ni hii: shamba ambalo lingetoa magunia 10 latoa 2 tu, na punje za magunia hayo mawili ni ndogo na nyepesi.

Nchi yetu ya Bunia ni nzuri kwa soya, lakini kwa bahati mbaya yaipendeza kutu vilevile. Mji uko juu ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Usiku kuna ubaridi, asubuhi kuna ukungu na umande mwingi. Kutu hupenda hali ya hewa isiyo kali wala baridi sana, kati ya digrii 15 na 28, na jani lililolowa kwa muda wa saa 6 au zaidi. Tena sisi tunapanda mara mbili kwa mwaka, katika mvua za mwezi Machi na katika mvua za Agosti. Msimu wa kwanza ukiugua, majani yake yaweza kuuambukiza msimu wa pili kabla haujatoa maua.

Jinsi ya kuitambua

Mwenye kungoja mpaka shamba limekuwa manjano amechelewa. Anza kukagua tangu soya inapokaribia kutoa maua, mara moja kila juma. Usitazame majani ya juu yanayong'aa kwa jua. Inama, fungua miti kwa mikono, uchume majani ya chini kabisa, mahali penye kivuli na unyevu. Chuma katika sehemu mbalimbali za shamba, hasa mabondeni na kando ya miti mikubwa, ambako umande hukawia kukauka.

Alama za kutu ni hizi. Juu ya jani kuna madoa madogo ya rangi ya udongo au ya kahawia yenye wekundu, mapana ya milimeta 2 mpaka 5, yenye pembepembe kwa sababu yamezuiwa na mishipa ya jani. Sasa geuza jani. Upande wa chini, ndani ya madoa hayo, utaona vipele vidogo vilivyoinuka. Ukivitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kila kimoja kina tundu kileleni, kama Nyiragongo mdogo. Na badala ya moto, hutoka vumbi la rangi ya mchanga. Futa upande huo kwa kitambaa cheupe au karatasi. Vumbi la kahawia likibaki pale, una sababu ya kushuku kutu.

Kama bado una shaka, fanya hivi: weka majani kadhaa katika mfuko wa plastiki pamoja na karatasi iliyoloweshwa kidogo, ufunge, uuache mahali pa kivuli mpaka kesho yake. Unyevu utavifanya vipele vitoe vumbi lao, navyo vitaonekana wazi. Kisha upeleke mfuko huo, umefungwa vile vile, kwa agronomo.

Yako magonjwa mengine yanayofanana na kutu, nayo yamewadanganya wengi. Kuna ugonjwa wa bakteria ambao nao huinua vipele. Lakini vipele vyake havina tundu wala vumbi, huzungukwa na rangi ya manjano, na hupenda majani machanga ya juu. Kuna madoa ya kahawia yanayoanzia majani ya chini kama kutu, lakini ukiyapapasa ni laini, hayakuinuka. Kuna ugonjwa wa madoa ya mviringo yenye kijivu katikati na ukingo wa zambarau, mfano wa jicho la chura. Na kuna ukungu unaoleta madoa ya manjano juu ya jani na manyoya ya kijivu chini yake. Mwisho, usisahau kwamba soya iliyokomaa huangusha majani yake yenyewe. Huo si ugonjwa, ni uzee.

Kinga ni bora kuliko dawa

Kwanza, chagua mbegu. Hii ndiyo silaha kubwa ya mkulima mdogo, kwa kuwa haimgharimu siku ya kupulizia dawa. Kutu ilipoingia Uganda, aina za soya zilizokuwa zikipandwa huko hazikuweza kuistahimili. Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walipotafuta aina zenye nguvu zaidi. Mwaka 2004 wakulima wa Uganda walipewa aina iitwayo Maksoy 1N, ambayo asili yake ni kazi ya taasisi ya IITA huko Nigeria. Na Nigeria yenyewe ikaikubali aina hiyo mwaka 2008. Baadaye zikafuata Maksoy 2N, Maksoy 3N na nyingine. Hapa kwetu waulize watu wa INERA, wenye kituo chao huko Nioka, au agronomo wa eneo lako, ni aina gani inayofaa udongo wako na inayostahimili kutu. Lakini usidhani kwamba aina yenye nguvu leo itakuwa na nguvu milele. Kuvu nayo hubadilika. Kwa hiyo hata mwenye mbegu njema na aendelee kukagua.

Pili, panda mapema, mvua za kwanza zinapotulia. Soya iliyotangulia hujaza punje kabla vijimbegu havijawa vingi hewani. Anayechelewa majuma manne hupokea vumbi la mashamba yote yaliyomtangulia.

Tatu, acha nafasi. Mistari iwe na upana wa sentimeta 40 mpaka 50, na palizi ifanywe kwa wakati. Shamba lililosongamana kwa miche na magugu hukaa na umande mpaka saa sita ya mchana. Shamba lenye hewa hukauka mapema, na kijimbegu kisichopata maji ya kutosha chafa bila kuota.

Nne, ng'oa soya iliyojiotea baada ya mavuno. Kwa kuwa kutu haiwezi kuishi bila jani bichi, kiangazi cha Desemba mpaka Februari ni wakati wake wa njaa. Miche michache iliyosahauliwa bondeni au nyuma ya jiko ndiyo ghala yake. Nchi ya Brazili imelijua jambo hili kiasi kwamba imeweka sheria: kila mwaka kuna majira ambayo hairuhusiwi kuwa na soya bichi shambani. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria. Kumbuka tu kwamba kutu yaweza kujificha katika mimea mingine ya jamii ya kunde, hata ile ya porini. Hivyo hatuwezi kuimaliza kabisa, ila twaweza kuipunguzia nguvu.

Tano, usiingie shambani majani yakiwa yamelowa, na usitoke katika shamba lenye ugonjwa kwenda moja kwa moja katika shamba zima. Vumbi hushika nguo.

Kubadilisha mazao je? Ni desturi njema, nayo hupunguza magonjwa yanayokaa katika mabua na udongo. Lakini tusidanganyane: haizuii kutu, kwani kutu haitoki ardhini. Yatoka hewani.

Kama ni lazima kutumia dawa

Ziko dawa za kuua kuvu zinazoizuia kutu, hasa zile za jamii ya triazoli. Lakini zina masharti. Hufaa zikitumiwa mwanzo wa ugonjwa, kati ya wakati wa maua na wakati maganda yanapojaa. Kwa kawaida hupuliziwa mara mbili au tatu, kwa kuacha majuma 2 au 3 kati. Dawa lazima ifike majani ya chini na katikati, siyo kulowesha vilele tu. Punje zikisha kujaa ndani ya maganda, kupulizia ni kumwaga fedha.

Piga hesabu kwanza. Mwenye kipande kidogo cha chakula cha nyumbani aweza kuona kwamba dawa na kukodi bomba ni ghali kuliko mavuno yote. Huyo na aweke fedha yake katika mbegu njema. Wenye mashamba ya mbegu, au kikundi cha wakulima chenye bomba la pamoja, waweza kupata faida.

Nunua dawa iliyo katika chombo chake chenye lakiri na maandishi, si ile inayomiminwa katika chupa ya maji sokoni. Dawa ya wadudu haiui kuvu, hata muuzaji akiapa. Vaa glavu, buti na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Pulizia asubuhi pasipo upepo. Watoto na wajawazito wakae mbali. Oga na ufue nguo zako peke yake. Chombo kilichokwisha kitobolewe. Kisipewe mtu kuwekea mafuta ya kupikia wala maji. Tumesikia habari za kutosha za nyumba zilizoingia msiba kwa ajili ya chupa moja.

Maswali ya akina mama

— Bwana Agronomo, shamba langu limeugua. Je, naweza kuwapa watoto punje zake?

— Ndiyo, mama. Kutu ni ugonjwa wa jani, haimdhuru mtu wala mnyama. Ila zipike vizuri, kama soya yote ipikwavyo. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisitumie protini, nao moto hukiondoa.

— Na mbegu je? Nizitupe?

— Kutu haisafiri ndani ya mbegu. Lakini punje nyembamba zaota vibaya. Chagua zilizojaa, na kama huna, afadhali kubadilishana na jirani aliyevuna vizuri.

— Na kama miti imekwisha kuanguka majani yote?

— Hapo, mama, hakuna dawa. Vuna kilichopo, safisha shamba, na ujitayarishe kwa mvua zijazo.

Kanisa na kutu ya mashamba

Kutu za mazao si habari mpya duniani. Mfalme Sulemani alipoliweka wakfu Hekalu la Yerusalemu, katika sala yake aliyataja mabaya yanayoyapata mashamba, na koga ilikuwa mojawapo. Warumi wa kale, waliokuwa wapagani, waliogopa kutu ya ngano kiasi kwamba waliifanya mungu, wakamwita Robigus; na kila tarehe 25 Aprili walimtolea mbwa sadaka ili aache mashamba yao.

Wakristo wa Roma hawakuwa na haja ya kumbembeleza kutu. Siku ile ile ya 25 Aprili, walifanya maandamano wakiimba litania na kumwomba Mungu mmoja, Muumba wa ngano na wa mkulima. Maandamano hayo yalikwisha kujulikana katika siku za Papa Gregori Mkuu, mwishoni mwa karne ya 6, nayo yakaendelea katika Kanisa lote kwa jina la Litania Kuu, mpaka kalenda iliporekebishwa mwaka 1969. Hata leo maaskofu wa kila nchi waweza kuweka siku za kuombea mashamba.

Tazameni tofauti. Mpagani aliona hasira ya mungu mwenye kijicho, akanunua amani kwa damu ya mbwa. Mkristo ajua kwamba kuvu ni kiumbe kama viumbe vingine, chenye desturi zake, na kwamba Mungu amempa mwanadamu akili ya kuzichunguza. Kwa hiyo Mkristo husali, kisha huinama na kugeuza jani. Anayesali bila kukagua amjaribu Mungu; anayemshtaki jirani yake kwa uchawi amekwisha kumrudia Robigus, hata akiwa amebatizwa.

Upepo hauulizi kabila

Neno la mwisho ni zito zaidi. Ituri yetu imelia sana. Vita vya mwaka 1999 mpaka 2003 viliacha makaburi na chuki. Na tangu Desemba 2017 maelfu kwa maelfu wamekimbia vijiji vya Djugu na kwingineko, wengi wao wakaja Bunia na kandokando yake. Kuna mama anayelima mistari michache katika ardhi ya kuazima, na mistari hiyo ndiyo uji wa watoto wake. Kuna pia mashamba yaliyoachwa, ambamo soya yaweza kujiotea bila mtu wa kuing'oa.

Kutu haitambui mpaka wa kijiji wala wa lugha. Aliyeng'oa soya ya porini upande wake, huku jirani ameiacha, amefanya nusu ya kazi. Aliyepanda mapema peke yake amejiokoa kidogo. Kijiji kilichopanda pamoja kimejiokoa zaidi. Kwa hiyo habari za kutu zataka mkutano: wazee, katekista, mwalimu, agronomo na wakulima wa pande zote wakae, wapatane juma la kupanda na juma la kung'oa, na aonaye kutu kwanza apige mbiu bila kuona aibu.

Watu wasioweza bado kuzungumza juu ya mambo makubwa yaliyowatenganisha, labda waweza kuanza kwa kuzungumza juu ya majani. Msimu ujao, mvua zikianza, mwite jirani yako muende pamoja kukagua: kwanza shamba lake, kisha lako.